Kuweka Alama kwa Vifaranga wa Samaki Watakaotambuliwa Baada ya Miaka: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kifaranga wa samaki hukua upesi, hubadilika rangi, hupoteza magamba na kuotesha mengine, na yule aliyekuwa na sentimita sita leo anaweza kupatikana baada ya miaka mitatu akiwa hatambuliki hata na aliyemlea. Alama atakayowekewa lazima ivumilie mabadiliko hayo yote bila kumdhuru, bila kumfanya aonekane kwa urahisi na wale wanaomwinda, na iweze kusomwa hata na mtu ambaye hakuwapo ilipowekwa. Alama nyingi hutimiza moja au mawili ya masharti hayo. Ni chache zinazoyatimiza yote, na hata hizo huharibika zikiwekwa na mikono yenye haraka.

Anza na swali

Kabla ya kununua kifaa chochote, andika kwa sentensi moja kile unachotaka kujua siku samaki huyo atakapopatikana tena. Ukitaka kujua tu kama ametoka katika kituo cha kuzalishia vifaranga au amezaliwa mwenyewe mtoni, alama ya kundi inatosha: samaki wote wa kundi hubeba alama ileile na kazi huenda haraka. Ukitaka kujua kila mmoja amekua kiasi gani au amehama umbali gani, unahitaji alama ya mmoja mmoja, ambayo gharama yake ni kubwa zaidi na ambayo humlazimu kila kifaranga kushikwa kwa mkono. Si haki kumtoboa samaki mmoja mmoja ikiwa hatimaye utatumia wastani wa kundi zima.

Jiulize pia kama alama itasomwa samaki akiwa hai au akiwa amekufa, na ni nani atakayekutana naye kwanza. Mtafiti mwenye kifaa cha kusomea ataitambua alama iliyofichika ndani ya mwili. Mvuvi asiyejua lolote kuhusu kazi yako hataiona, naye atampasua samaki na kumtupa utumbo pamoja na taarifa zako zote. Ikiwa unawategemea wavuvi, alama ya ndani lazima iambatane na ishara ya nje, kama vile pezi lililokatwa.

Kuchagua alama inayolingana na mwili

Kukata pezi ndiyo njia ya zamani na rahisi kuliko zote. Katika samaki wenye pezi dogo la mafuta kati ya pezi la mgongoni na mkia, kama walivyo jamii ya samoni na baadhi ya kambale, pezi hilo hukatwa bila kuathiri sana uogeleaji. Perege hawana pezi hilo, kwa hiyo hukatwa pezi moja la tumboni. Pezi likikatwa nusu huota tena, mara nyingine likiwa zima kabisa, mara nyingine likiwa na miale iliyopinda. Ili alama idumu ni lazima likatwe karibu kabisa na shina lake, pasipo kukata nyama ya mwili. Usikate pezi la kifuani, kwa kuwa kifaranga hulitumia sana kujisawazisha na kufunga mwendo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mapezi ni machache, hivyo na misimbo, yaani alama tofauti za kutambulisha makundi, ni michache, na tena wapo samaki wanaopoteza mapezi kwa kung'atana ndani ya tangi, wakaja kuhesabiwa kuwa wenye alama.

Elastoma ni rangi ya silikoni inayochanganywa na kigumishi, ikadungwa ikiwa majimaji chini ya ngozi iliyo angavu, kisha ikaganda na kubaki laini kama mpira. Inafaa kwa vifaranga wadogo sana, hata wenye urefu wa milimita 25 au 30 mikononi mwa mtu mwenye ujuzi. Rangi nyingi za aina hii hung'aa zikimulikwa kwa taa ya buluu au ya urujuani. Misimbo hupatikana kwa kuunganisha rangi na mahali: kwa rangi nne na sehemu sita za mwili, alama moja hutoa misimbo 24, na alama mbili katika sehemu mbili tofauti hutoa 240. Hata hivyo usishawishike na hesabu hiyo ukasahau macho ya binadamu. Nyekundu, machungwa na waridi hufanana mno zikiwa zimefunikwa na ngozi iliyonenepa, vivyo hivyo kijani na njano. Rangi mbili au tatu zilizo mbali kabisa zina thamani kuliko sita zinazobishaniwa ufukoni.

Kipande cha waya chenye namba kilibuniwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya samoni wadogo wa pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, na bado kinatumika kwa mamilioni ya vifaranga kila mwaka. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, wenye unene wa robo milimita na urefu wa kawaida wa milimita 1.1, ambao hutiwa usumaku na kudungwa katika gegedu la pua. Kifaa cha kugundua sumaku hueleza kwamba waya umo, lakini namba yenyewe haisomeki mpaka samaki afe, waya utolewe na kutazamwa kwa hadubini. Kwa hiyo njia hii inafaa pale ambapo samaki watakuja kuvuliwa kwa ajili ya kuliwa, na haifai kabisa kwa mtu anayetaka kumrudisha samaki majini.

Kapsuli ya kielektroniki ni kioo kidogo kilichofungiwa koili ya waya inayofanya kazi ya antena na chembe ya kumbukumbu, kisicho na betri. Kisomaji kikipitishwa karibu nayo hutuma mawimbi, kwa kawaida ya kilohezi 134.2, yanayoiamsha nayo ikajibu kwa namba isiyofanana na ya nyingine yoyote. Kwa kuwa haina betri ya kuisha, huweza kudumu muda wote wa maisha ya samaki. Kapsuli iliyozoeleka ina urefu wa milimita 12 na uzito wa takriban gramu 0.1, ipo pia ya milimita 8, iliyo nyepesi zaidi lakini inayosomeka kwa umbali mfupi zaidi.

Kuna kanuni ya tahadhari inayofuatwa na wengi kwamba alama isizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki. Kwa kapsuli ya gramu 0.1, hiyo ina maana ya kifaranga mwenye gramu 5 au zaidi. Wapo spishi wanaovumilia zaidi ya hapo, lakini uzito si mzigo pekee. Urefu wa kapsuli ndani ya tumbo dogo nao hubana matumbo. Kama samaki wako hajafikia kipimo, msubiri akue au tumia elastoma sasa na kapsuli baadaye.

Kwa mabuu na vifaranga wachanga wasioweza hata kushikwa, alama huwekwa kwenye vijiwe vya masikio, ambavyo hukua kwa tabaka maisha yote. Kuwaogesha katika mmumunyo wa alizarini, ambayo ni rangi, au oksitetrasaiklini, ambayo ni dawa ya bakteria, huacha pete inayong'aa chini ya taa, kwa kuwa kemikali hizo hujishikiza kwenye kalsiamu inayojengwa wakati huo. Oksitetrasaiklini hushusha pH (kipimo cha asidi ya maji; ikishuka, asidi imezidi), hudhoofishwa na maji magumu, na huharibiwa na mwanga, kwa hiyo maji yapimwe na tangi lifunikwe. Katika vituo vya samoni, kupandisha na kushusha joto la maji ya mayai kwa nyuzi chache, kwa ratiba iliyopangwa, huacha mistari mieusi na myeupe ndani ya vijiwe hivyo bila mtu kumgusa samaki hata mmoja. Njia hizi zote humtaka samaki afe ili asomwe.

Vibandiko vya plastiki vinavyoning'inia mgongoni ni vya samaki wakubwa. Kwa kifaranga huwa kidonda kisichopona, hukusanya mwani, na humvuta nyuma anapoogelea.

Kuandaa samaki, maji na meza

Pata kwanza kibali cha mamlaka inayosimamia samaki na wanyama wa utafiti mahali ulipo. Acha kuwalisha vifaranga kwa saa 24 kabla ya kazi, kwa sababu tumbo lililojaa hubanana na ukuta wake na kuongeza hatari ya sindano kutoboa utumbo, na pia kinyesi huchafua maji ya kulaza. Fanya kazi asubuhi mapema, maji yakiwa bado ya baridi, na ahirisha bila kusita siku ya joto kali au siku ambayo samaki wanaonyesha dalili za ugonjwa. Maji ya kila chombo yawe yametoka kwenye chanzo kilekile, tofauti ya joto isizidi nyuzi 2, na oksijeni isishuke chini ya miligramu 5 kwa lita.

Panga vyombo kwa mstari mmoja: chombo cha kusubiria, chombo cha dawa ya usingizi, meza ya kazi, chombo cha kuamkia, kisha tangi la uangalizi. Samaki asirudi nyuma katika mstari huo. Tumia wavu wa nyuzi laini zisizo na mafundo, na lowesha kila kitakachomgusa, ikiwa ni pamoja na mikono, rula, mizani na sifongo, kwa sababu kitu kikavu huondoa ute, na ute ndio ukuta wa kwanza dhidi ya ukungu na bakteria. Sifongo iliyokatwa mfereji katikati humshika kifaranga bila kumbana. Ikiwa unatumia kapsuli, meza iwe ya mbao au plastiki, kwa kuwa chuma hudhoofisha usomaji.

Kumlaza usingizi

Hapa ndipo vifo vingi hutokea, na karibu vyote vinazuilika. Dawa inayotumika sana ni trikaini, ijulikanayo kama MS-222, kwa miligramu 50 hadi 100 kwa lita. Inapoyeyushwa hufanya maji kuwa na asidi, kwa hiyo lazima iongezwe baikaboneti ya sodiamu yenye uzito sawa nayo au mara mbili yake, na pH ipimwe hadi ilingane na ya maji ya kawaida. Samaki wanaorukaruka wanapotumbukizwa mara nyingi wanakimbia asidi hiyo. Mbadala ni mafuta ya karafuu. Kwa kuwa hayachanganyiki na maji, changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 9 za ethanoli. Mchanganyiko huo una takriban miligramu 100 za mafuta kwa kila mililita, kwa hiyo mililita 4 katika lita 10 za maji hutoa miligramu 40 kwa lita, kiasi cha wastani cha kuanzia. Mafuta ya karafuu huwalaza haraka lakini huwaamsha polepole kuliko trikaini.

Jaribu dozi kwa samaki watatu au wanne kwanza. Dozi sahihi ni ile inayomfanya apoteze mizani na kugeuka ubavu ndani ya dakika mbili hadi nne, asishtuke akibanwa mkiani, huku vifuniko vya matamvua vikiendelea kufunguka na kufunga kwa mwendo wa taratibu. Vifuniko vikisimama, amezidishiwa. Mhamishe papo hapo kwenye maji safi na umsogeze mbele taratibu ili maji yapite mdomoni. Usilaze samaki wengi kuliko wale mnaoweza kuwamaliza kwa dakika chache, kwa maana wa mwisho katika ndoo atakuwa amekaa humo mara tatu ya muda wa wa kwanza. Badilisha maji ya dawa yanapopata joto au kujaa ute.

Samaki aliyetiwa dawa asiliwe mara moja. Nchini Marekani, kwa mfano, aliyetiwa trikaini hupaswa kusubiri siku 21 kabla ya kuwa chakula.

Kuweka alama yenyewe

Kwa elastoma, changanya rangi na kigumishi kwa uwiano wa mtengenezaji, ambao kwa kawaida ni sehemu 10 kwa 1, na weka bomba la sindano juu ya barafu kila usipolitumia, kwani ubaridi huchelewesha kuganda. Chagua ngozi isiyo na rangi nyingi: nyuma ya jicho, chini ya taya, au shinani mwa mapezi. Ingiza sindano karibu sambamba na ngozi, kwa kina kidogo kiasi cha kuiona ncha yake kupitia juu, kisha anza kusukuma rangi huku ukiivuta sindano nje, na uache kusukuma kabla ncha haijatoka. Rangi ikifika kwenye tundu itachomoza nje, na mkia huo uliochomoza utavuta alama yote kabla haijaganda. Mstari wa milimita mbili au tatu uliofungika ndani ni bora kuliko mrefu wenye tundu wazi.

Kwa kapsuli, pitisha kisomaji juu ya samaki kwanza, ili kuhakikisha kwamba hana kapsuli tayari. Kapsuli mbili zilizo karibu huvurugana na huenda isisomeke hata moja. Isome pia kapsuli kabla ya kuiingiza. Sindano na kapsuli zikae katika ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika 10, kisha zisuuzwe kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, maana ethanoli ikiingia tumboni huunguza. Mlaze kifaranga chali, kichwa kikielekea kwako. Tundu hutobolewa milimita 1 au 2 pembeni mwa mstari wa katikati ya tumbo, pale ncha za mapezi ya kifuani zinapoishia. Ingiza ncha ikielekea mkiani kwa pembe ya takriban nyuzi 45, na mara utakapohisi ukuta wa tumbo umelegea, laza sindano iwe karibu sambamba na mwili kabla ya kusukuma kapsuli. Hatua hiyo ya kulaza ndiyo inayookoa utumbo na ini.

Kwa vifaranga wadogo zaidi napendelea wembe wa upasuaji kuliko sindano: mkato wa milimita 2 au 3 mahali palepale, kisha kapsuli ikasukumwa kwa kidole. Mkato hupenya kwa kina kilekile unachoamua wewe, ilhali sindano nene huhitaji nguvu, na nguvu hukosa kipimo. Kidonda cha ukubwa huo hujifunga chenyewe bila kushonwa. Badilisha wembe au sindano inapoanza kusita kwenye ngozi, hata kama haijafikisha idadi uliyopanga.

Kumbuka kwamba majike wanaweza kuitoa kapsuli ya tumboni pamoja na mayai wanapozaa. Kwa samaki wanaotunzwa kuwa wazazi, wengine huiweka kwenye misuli ya mgongo. Lakini usifanye hivyo kwa samaki atakayekuja kuwa mezani, kwa kuwa kioo hakipaswi kukutwa ndani ya minofu.

Soma kapsuli tena ikiwa ndani ya samaki, pima urefu na uzito, kisha mpeleke kwenye chombo cha kuamkia chenye hewa ya kutosha. Anapaswa kusimama wima na kuogelea ndani ya dakika tano hivi. Kazi yote ya mezani isizidi dakika moja kwa kila samaki. Akizidi hapo, mwagie maji matamvuani au mrudishe bila alama.

Kuwaangalia kabla ya kuwaachia

Wote wakae angalau saa 24 kabla ya kuachiwa, na sampuli yao ibaki tangini kwa wiki nne au zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya alama zinazopotea hupotea katika kipindi hicho cha mwanzo, kabla kidonda hakijafunga na tishu haijaizunguka alama. Pamoja nao weka kundi la samaki waliolazwa, wakashikwa na kupimwa vilevile, ila hawakuwekewa alama. Pasipo kundi hilo hutajua kama vifo vimesababishwa na alama, na dawa, au na maji tu. Kagua sakafu ya tangi kwa kisomaji, kwani kapsuli zilizotoka hulala pale, nazo zina namba za kufutwa katika orodha.

Kuandika

Kwa kila samaki au kundi andika tarehe, mahali, asili ya vifaranga, spishi, aina ya alama, namba au rangi, sehemu ya mwili, urefu, uzito, joto la maji, dawa na dozi yake, jina la aliyeweka alama, na tarehe na mahali pa kuachiwa. Namba iingizwe moja kwa moja kutoka kwenye kisomaji. Tarakimu 15 zinazonakiliwa kwa mkono uliolowa huzaa makosa yasiyogundulika. Andika ukurasani kwamba kushoto ni kushoto kwa samaki mwenyewe, tena akiwa ameelekeza tumbo chini. Anayefanya kazi samaki akiwa chali huona pande zimegeuka, na kosa hilo moja laweza kuchanganya makundi mawili moja kwa moja. Kwa alama za waya, hifadhi kipande cha mwanzo na cha mwisho cha kila fungu vikiwa vimegandishwa kwenye karatasi ya kumbukumbu. Chora samaki, weka alama zote kwenye mchoro, na hifadhi nakala katika sehemu mbili tofauti, kwa kuwa msomaji wa kweli wa karatasi hizo huenda akawa mtu atakayeajiriwa baada yako.

Kusoma na kuhesabu baada ya miaka

Alama zinazopotea huharibu hesabu kimyakimya. Chukua mfano wa kanuni ya Lincoln na Petersen, ambayo hukadiria idadi ya samaki kwa kuzidisha waliowekewa alama na waliovuliwa baadaye, kisha kugawanya kwa wenye alama waliomo katika uvuvi huo. Tuseme uliachia 1,000 wenye alama, ukavua 400, ukakuta 80 wana alama: jibu ni 5,000. Lakini ikiwa asilimia 20 ya alama zilikuwa zimepotea, wale 80 walipaswa kuwa 100, na idadi halisi ni 4,000. Anayepanga kiasi cha kuvua kwa kutumia jibu la kwanza ataruhusu uvuvi ambao ziwa haliwezi kuuhimili.

Dawa yake ni kuwapa samaki alama mbili za aina tofauti, kama kapsuli na pezi la tumboni lililokatwa, angalau kwa sehemu ya kundi. Atakapopatikana mwenye pezi lililokatwa asiye na kapsuli, utajua kapsuli imetoka. Wakikusanyika wa aina hiyo utaweza kukadiria kiwango cha upotevu na kurekebisha hesabu. Kwa hiyo kila samaki anayevuliwa tena akaguliwe kwa alama zote mbili, ndani na nje, pande zote za mwili, hata pale ambapo alama ya kwanza imekwisha kuonekana. Elastoma itazamwe gizani kwa taa yake, na kisomaji kipitishwe mara mbili, kwa urefu na kwa upana, kwa kuwa kapsuli iliyolala vibaya dhidi ya mawimbi huenda isijibu mara ya kwanza. Asiyeonekana na alama yoyote naye aandikwe kwamba amekaguliwa.